Bega la Hervé

Jumapili, 13 Aprili

Nimeanza kuandika kwa sababu ndani ya sebule yangu mwenyewe sipati nafasi ya kusema. Leo baada ya ibada nusu ya kanisa ilitufuata hapa Ganshoren, ikala fufu na sombe ya mke wangu Régine, kisha ikaketi kumjadili mwanangu Hervé huku mimi nikipitisha glasi kama mtumishi wa hoteli.

Nieleze mambo kwanza, maana nikizeeka nitasahau. Hervé yuko Iowa, Marekani, chuoni. Anasoma, ndivyo tunavyoambiwa, na anacheza ule mpira wao wa kofia ngumu na mabega ya plastiki, ambao aliuanzia hapahapa Brussels kwenye klabu moja ya mtaani, sisi tukidhani amekwenda kupiga soka kama watoto wa watu. Yeye ndiye anayepokea mpira kwanza, anautazama uwanja mzima kwa kufumba na kufumbua, halafu anaurusha mbali kwa mwenzake anayekimbia. Wanamwita quarterback. Mimi nilifundisha shule ya msingi Bukavu kabla ya vita kutuleta huku, na Kiswahili cha ubaoni hakijanitoka, kwa hiyo hapa nitaandika mrushaji. Mrushaji ni mmoja uwanjani, wengine wanangoja benchi. Hervé amengoja miaka mitatu. Aliyekuwa mbele yake amemaliza masomo, kiti kiko wazi, na msimu unaoanza mwisho wa Agosti ndio wa mwisho kwake. Akikikosa hicho, hakuna kingine.

Mwenye kelele kuliko wote ni Lucien, jirani yetu wa ghorofa ya chini. Amejipa mwenyewe uenyekiti wa kundi analoliita Korongo wa Ganshoren, kwa sababu timu ya Hervé imechora ndege korongo kwenye kofia. Lucien amegundua tovuti ambako mashabiki wa kule wanabishana mchana kutwa juu ya wachezaji, na binti yangu Darlène, anayesomea ufamasia na kujua Kiingereza, ndiye anayewatafsiria.

"Banasema mukono yake ni ya kwanza mu timu yote," Lucien alisema. "Donc, kiti ni yake. Hakuna kubisha, on ne discute même pas."

"Mukono iko, sikatae," akajibu Kabamba. Huyu ni mtu wa Lubumbashi, na kitu cha kwetu Kivu hakisifu bila kukipunguza kidogo. "Lakini quarterback ni kichwa, papa. Kichwa ya huyu mutoto haiyakomala."

"Papa Bertin eko hapa," mtu akamkumbusha, akinionyesha mimi kwa kidole.

"Bon, Papa Bertin anajua. Si njo yeye alimupatia ile kichwa?"

Wakacheka. Mimi pia nilicheka, ningefanya nini.

Jumatatu, 28 Aprili

Juzi timu ya Hervé ilijigawa nusu kwa nusu ikacheza mechi ya mazoezi. Tuliitazama kwenye kompyuta ya Darlène, vichwa tisa mbele ya kioo kimoja. Hervé alirusha vizuri mara nyingi, na mara moja alimpa mpira mtu wa upande wa pili, mikononi kabisa, kama anayemkabidhi zawadi.

Leo tovuti imejaa. Kuna mmoja anayejiita Babu wa Mahindi. Ndivyo Darlène anavyolitafsiri jina lake. Huyo hukaa mazoezini kila siku, na ameandika kwamba Hervé ana mkono wa ajabu lakini anafikiri mara mbili pale panapotaka mara moja. "Kijana ana adabu mno," anasema. "Anaomba ruhusa kabla ya kurusha."

Nilimchukia papo hapo. Kisha nikakumbuka kwamba hata jokofu la nyumbani Hervé alikuwa halifungui bila kumwuliza mama yake. Kilichoniuma zaidi ni kwamba babu huyo, ambaye simjui wala hanijui, amemwona mwanangu wiki hii, na mimi sijamwona tangu Krismasi ya mwaka juzi.

Jumatano, 7 Mei

Mvua. Kazi yangu hospitalini Woluwe ni kusukuma vitanda, kuwatoa wagonjwa vyumbani na kuwapeleka kupigwa picha au kupasuliwa. Nimesukuma siku nzima. Hakuna jipya.

Jumapili, 11 Mei

Kuna jipya. Kocha amemleta mrushaji mwingine kutoka chuo cha Texas. Ana karibu mita mbili na taya kama kreti. Lucien amemwita Cowboy kabla hajajua jina lake.

Sebuleni kulikuwa kama msibani. Régine alikaanga ndizi hakuna aliyezigusa. Kwenye tovuti wanagawanyika: wengine wanasema Cowboy ameletwa kumchochea Hervé tu, wengine wanasema Hervé arudi zake Ulaya. Babu wa Mahindi anasema ataona kwanza kwa macho yake.

"Coach hawezi leta mutu wa bure," alisema Kabamba. "Hana confiance, hamuamini wa kwetu."

"Weye ulisema kichwa haiyakomala," Lucien akamrukia. "Sasa uko unalia nini?"

"Nililia wapi?"

Halafu, mara ya kwanza tangu mambo haya yaanze, waligeuka wakaniuliza mimi baba mtu naonaje. Sikuwa nimejitayarisha. Nikasema Hervé anakula vizuri siku hizi. Walinitazama kwa huruma, wakaendelea.

Jumapili, 18 Mei

Mvua. Lucien. Mvua.

Alhamisi, 5 Juni

Darlène ana mitihani, kwa hiyo hakuna tafsiri. Nyumba imetulia, nimegundua tuna saa ya ukutani inayolia.

Jumapili, 22 Juni

Hervé alinipigia simu mchana, mimi nikiwa kazini, nimekaa kwenye benchi la nje kula mkate wangu. Huwa anampigia mama yake. Mimi napewa simu mwishoni, namwuliza kama kuna baridi, basi. Nilipoona jina lake nilidhani amekosea kubonyeza.

"Papa, uko moja tu? Hakuna muntu karibu?"

"Niko moja."

"Bega inaniuma. Ya kuume. Tangu mwezi wa tano. Nikirusha mbali, inakuwa sawa muntu ananichoma na kisu."

"Ulionyesha munganga?"

"Nikionyesha munganga, coach atajua. Coach akijua, kiti ni ya Cowboy. C'est fini, papa."

Nilimwambia bega si kitu cha kuchezea. Akaniambia anajua, anaweka barafu, anafanya mazoezi ya kulegeza, itapita. Nikamwambia tena aende kwa daktari. Nikasikia anavyopumua, na nikajua nikisema mara ya tatu atakata simu na hatanipigia tena.

"Alors juu ya nini uko unaniambia?" nikamwuliza.

"Sababu iko nzito, papa. Nakuambia weye moja tu. Usiambie muntu. Hata maman."

"Sitasema."

"Merci, papa."

Nilibaki na mkate mkononi. Niandike ukweli: nilifurahi. Mwanangu ameumia, na mimi nilifurahi kwamba kati ya watu wote amenichagua mimi. Nikaona haya kwa furaha hiyo, lakini haikuondoka. Nilisukuma vitanda mchana wote kama kijana.

Jumanne, 24 Juni

Joto. Sikusema kitu.

Jumapili, 29 Juni

Joto kali, madirisha yote wazi, na jirani wa mbele anaona sebule yetu yote. Babu wa Mahindi ameandika kwamba mipira mirefu ya Hervé imepungua. Anarusha mifupi mifupi tu, anasema, na hajui kwa nini.

"Uvivu," Kabamba akasema. "Alizoea kukaa benchi, sasa anachoka bure."

"Ni tactique," Lucien akasema. "Anaficha ya muzuri mpaka saison ianze."

Nilikuwa na jibu mdomoni, na kulikuwa na karanga mezani. Nilizipitisha karanga. Régine, aliyekuwa akifuta jasho mlangoni, alinitazama muda mrefu.

Jumatano, 2 Julai

Nimemwambia Régine.

Sikukusudia. Kwa siku kadhaa alikuwa anahesabu ninachobakiza kwenye sahani. Leo alikaa mbele yangu jikoni, akazima redio, akaniita jina langu bila papa.

"Bertin, uko unanificha kitu."

"Hakuna."

"Ni mwanamuke?"

Nilicheka kwa mshangao, na kumbe yeye hakuwa anacheka. Miaka ishirini na saba tumelala kitanda kimoja, tumevuka mipaka mitatu pamoja, na mke wangu alikuwa anangoja jibu akiwa ameshika pindo la meza. Ningemwacha hivyo? Nikamweleza bega. Alishusha pumzi, kisha akaanza kulia, kwanza kwa nafuu na halafu kwa bega lenyewe.

"Nilimuapia mutoto," nikamwambia. "Usiseme, Régine."

"Mi nitaambia nani?" akasema.

Jumapili, 6 Julai

Nimejua ataambia nani.

Kanisani Laeken, kwenye ujia wa makoti, Maman Émérance alinikamata mkono kwa mikono yake miwili. Yeye ndiye kiongozi wa maombi ya akina mama, na hao akina mama wana kundi lao kwenye simu ambalo halilali.

"Papa Bertin," akaninong'oneza, "tuko tunasimama na ile bega. Bega ya kuume. Shetani atashindwa."

Nyumbani nilimwuliza Régine alichofanya.

"Niliambia Mungu."

"Mungu na bamama ngapi?"

"Kwa maombi lazima utaje, Bertin. Mugonjwa ni nani, anaumwa wapi. Pasteur njo anatufundisha vile. Utaomba sawa uko unamuficha Mungu?"

Nilitaka kugomba. Akina mama haohao walifunga kula kwa ajili ya karatasi zetu za ukimbizi, wakiitaja namba ya faili letu kwa sauti, na karatasi zikatoka. Walimwombea Darlène alipokuwa na homa ya uti wa mgongo. Kila mara walitajiwa, na kila mara tulikuja kushukuru. Ningemwambiaje mke wangu kwamba safari hii tu tuombe kimyakimya?

Nilimwomba awaambie wasitoke nalo nje. Akasema walikwisha kuambiwa. Nimechoka.

Jumapili, 13 Julai

Joto. Leo sebuleni hakuna aliyebishana juu ya mkono wa Hervé, na hapo ndipo nilipojua kwamba wote wanajua.

Jumatatu, 21 Julai

Sikukuu ya taifa la hawa Wabelgiji, na mvua imenyesha kama ilivyoandikwa. Lucien alichoma nyama chini ya turubai uani. Kwenye tovuti wanasema mazoezi makali ya kambi yataanza baada ya wiki moja, na wengi sasa wanampigia kura Cowboy. Babu wa Mahindi anasema Cowboy anarusha kwa nguvu na hajui anamrushia nani.

Lucien aliponipa sahani yangu aliniwekea mkono kwenye bega la kuume, akalibana. Mke wake yumo kwenye kundi la maombi.

Mimi huwa namwona Lucien kama redio iliyoharibika kitufe cha kuzimia. Leo nilimwona mtu mwingine: macho yalikuwa mekundu, na haukuwa moshi peke yake. Hana mtoto wa kiume. Aliyekuwa naye walimzika njiani, mwaka ule tulipokimbia. Nimeishi juu ya dari yake miaka mingi, na sijawahi kufikiri kwa nini anampenda Hervé kwa kelele namna ile.

Jumapili, 27 Julai

Hervé amemwandikia mama yake, kama mtoto anayezungumza tu: Alhamisi mazoezi yalikuwa mazuri, amerusha mbali, hakuna shida. Hajui kwamba mama yake anajua. Régine aliusoma ujumbe mara tano, akaingia chumbani, akapiga magoti. Nilisimama mlangoni na taulo la vyombo. Sikuomba, lakini sikuondoka.

Jumapili, 3 Agosti

Leo Régine alitoa ushuhuda.

Alijua nitakataa, ndiyo maana hakuniuliza. Mchungaji alipouliza nani ana neno la shukrani, aliinuka na kitenge chake cha sikukuu, na nikajua. Kwetu ukiomba hadharani ukajibiwa, huwezi kukaa kimya. Kukaa kimya ni wizi. Alisimulia bega, tangu Mei, kisu, barafu. Akasimulia Alhamisi. Ukumbi mzima ulisimama, akina mama wakapiga vigelegele, Maman Émérance akacheza mpaka kiatu kikamtoka. Lucien alikuwa analia waziwazi.

Na mimi nilipiga makofi. Nilipiga kwa sababu wote walipiga, na kwa sababu kwa dakika chache niliamini.

Jumanne, 5 Agosti

Darlène aliingia bila kuvua viatu, akaniwekea simu yake mezani.

"Papa, soma. Hapana, hutaelewa. Nikusomee."

Ni Lucien. Aliandika kwa Kifaransa, simu yake ikageuza kuwa Kiingereza, akakitupa kwenye tovuti ya Wamarekani. Darlène aliniambia yaliyomo, nami nayaweka hapa kwa Kiswahili changu:

"Ndugu mashabiki wa Korongo, Bwana asifiwe. Mimi ni baba mdogo wa Hervé, nawaandikia kutoka Brussels. Msiwe na wasiwasi tena juu ya bega lake la kuume. Liliumwa sana tangu Mei, lakini kanisa lilifunga na kuomba, na sasa Mungu ameliponya kabisa. Kiti ni chake."

Wa kwanza kujibu aliandika maneno mawili: "Bega gani?"

Chini yake zilifuata kurasa za majibu.

Nilishuka ngazi na soksi. Lucien alifungua mlango akitabasamu, akidhani nimekuja kumshukuru. Nilipomweleza, tabasamu lilimkaa usoni kwa muda likiwa halina kazi, kisha akaketi chini, pale pale mlangoni.

"Nilitaka banyamaze," alisema. "Bale banamutukana kila siku. Nilisema bajue Mungu iko naye."

"Futa, Lucien."

Alifuta. Darlène, aliyenifuata chini, ndiye aliyebonyeza. Lakini mashabiki walikuwa wamekwisha kuupiga picha ujumbe wake na kuusambaza. Kabamba naye, aliyekuwa ndani kwa Lucien, kwa kutaka kusaidia, aliandika kwamba Hervé hajawahi kuumwa, ni maombi ya kinga tu, kama chanjo. Mambo yakazidi kuharibika. Darlène aliwanyang'anya simu wote wawili, watu wazima wenye wajukuu, nao wakampa bila ubishi.

Jumatano, 6 Agosti

Kazi. Hervé hapokei simu.

Alhamisi, 7 Agosti

Hapokei.

Ijumaa, 8 Agosti

Amepiga, kwangu, saa ya chakula, kama mara ile. Nilikaa kwenye benchi lile lile kabla ya kupokea.

Mwandishi wa gazeti la kule alimwuliza kocha mbele ya wenzake kuhusu bega la mrushaji wake. Ndiyo kwanza kocha asikie. Jioni ile ile Hervé alipelekwa kupigwa picha. Matokeo bado. Kocha hakumfokea, alimwuliza tu ni nini kingine anachomficha.

Alinieleza haya yote kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo.

"Papa, nilikuambia weye moja tu."

Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kumwambia ni mama yake. Ningeweza kumwambia kwamba mama yake alifikiri nina mwanamke. Ningeweza kumtaja Lucien, au Maman Émérance, au mchungaji na mafundisho yake. Yote ni kweli, na kila mmoja alifanya kwa kumpenda. Lakini mdomo wa kwanza kufunguka ulikuwa wangu.

"Njo vile, ni kweli," nikasema.

"Bon," akasema, akakata.

Jumatano, 13 Agosti

Kano imechanika. Atapasuliwa wiki ijayo. Msimu umekwisha kabla haujaanza, na kiti ni cha Cowboy.

Haya niliyasikia kwa Régine, kwa sababu alimpigia yeye. Daktari wa kule amesema ile kano ingekatika kabisa leo au kesho, huenda katikati ya mechi. Régine ameyashika maneno hayo kwa mikono miwili. Anasema Mungu hakuliponya bega, alilifichua, na kufichua nako ni kujibu. Anasema hivyo huku akipiga pasi shuka ambazo hatujawahi kuzipiga pasi. Labda ni kweli. Ninawapeleka watu kupigwa picha kila siku, na huwa sijui kinachoonekana ndani.

Nilimwuliza kama Hervé ameniulizia. Akasema amewasalimia wote.

Jumapili, 17 Agosti

Lucien alikuja kuomba msamaha kwa taratibu zetu: amevaa koti, amemleta mkewe na Maman Émérance kama shahidi, na kreti ya vinywaji vitamu. Hakukaa mpaka nilipomwambia. Maneno yake alikuwa ameyapanga, akayasahau.

"Papa Bertin, nimeua mutoto," akasema tu.

"Haukuua muntu. Keti."

Miezi yote hii nilitamani siku moja Lucien anyamaze mbele yangu. Leo alinyamaza saa nzima, na sikuvumilia. Mimi ndiye niliyemwuliza anamwonaje Cowboy, ili tu aseme kitu. Alitikisa kichwa. Tulikunywa kreti nzima.

Jumatano, 20 Agosti

Leo wanampasua. Nilimsukuma kijana mmoja kwenda chumba cha upasuaji, goti, mtu wa Namur. Kwenye lifti akaniuliza kama itauma. Nikamwambia hapana, utalala, ukiamka kila kitu kimekwisha, na nikamshika mkono mpaka milango ya mwisho, ingawa haturuhusiwi.

Saa kumi jioni Régine aliniandikia: "Ametoka bien."

Jumapili, 24 Agosti

Hervé hajanipigia. Nikipiga mimi, anajibu kwa maandishi, baada ya muda, kwamba alikuwa amelala.

Nilimwomba Darlène aniangalizie tovuti. Hakuna anayemtaja Hervé tena. Wote wako kwa Cowboy: miguu yake, kichwa chake, kama atafika mbali. Ni ugomvi ule ule na jina jipya. Alitafuta sana mpaka akakuta mstari mmoja, wa Babu wa Mahindi. Aliandika: "Nitamkosa yule Mbelgiji. Kila asubuhi alikuwa anakuja upande wangu kuniamkia."

Nilitaka kumjibu. Darlène akaweka vidole tayari, akangoja. Sikupata la kusema ambalo ni salama, nikamwambia aache.

Jumamosi, 30 Agosti

Mechi ya kwanza. Hakuna aliyealikwa, wote wamekuja. Régine alikuwa amepika bila kuulizwa, na Kabamba alileta skrini ya mkwewe, kubwa kama mlango. Mpira ulianza saa moja jioni ya kwetu.

Walimwonyesha Hervé mara moja, pembeni ya uwanja, mkono umefungwa kifuani, kofia ya kawaida kichwani. Amekonda. Alikuwa anamwelekezea Cowboy kitu kwa mkono wa kushoto, na Cowboy alikuwa anasikiliza.

Kisha Cowboy akarusha mpira mrefu, mrefu kweli, na ukafika. Lucien aliruka kutoka kwenye kiti, akakumbuka, akaketi polepole na kujipangusa magoti.

"Mukono iko," Kabamba akasema kwa sauti ndogo.

Kufika kipindi cha pili walikuwa wameanza tena kubishana, sasa juu ya Cowboy. Kichwa haiyakomala, alisema mmoja. Mwaka kesho ataiva, alisema mwingine. Mpe match tatu tu, alisema Lucien, akinitazama kuona kama naudhika. Sikuudhika. Dakika za mwisho nilisikia mtu akisema, "Arushe, anangojea nini?" na nilikuwa mimi.

Wameshinda.

Jumapili, 31 Agosti

Baada ya ibada walikuwa hapa tena, kula mabaki ya jana. Hervé alipiga, akaongea na mama yake jikoni, na mwishoni Régine akaniletea simu sebuleni. Watu wakapunguza sauti.

"Papa."

"Hervé. Bega iko aje?"

"Niko bien, papa. Tunashukuru Mungu."

"Inakuuma?"

"Hapana. Tunashukuru."

"Unalala muzuri?"

"Nalala bien."

"Na coach?"

"Tuko bien na coach. Hakuna shida."

Nayajua maneno hayo. Ndiyo tunayomjibu mchungaji mlangoni, na jamaa wa mbali wanaotupigia kutoka Bukavu. Nimeyasema mwenyewe miaka ambayo ndani ya nyumba hakukuwa na kitu, na aliyeniuliza aliridhika akaenda zake. Nilitafuta swali lingine, lolote. Nikamwuliza kama kuna baridi.

"Hapana, papa. Iko joto. Usalimie bote."

Nilimrudishia Régine simu. Lucien alisogea mbele kwenye kiti chake, na wote wakanigeukia.

"Mutoto anasema nini?" akauliza, kwa woga, kama asiye na haki ya kuuliza.

Safari hii niliweza kuwaambia wote kila neno aliloniambia.